Wachumaji wa Mboga wa Kisumu: Jaribio la Uainishaji

Mwaka 1753 Carl Linnaeus alichapisha Species Plantarum, akaigawia mimea ya dunia majina mawili mawili ya Kilatini. Mboga zetu zimo humo. Dek ya Kiluo, ambayo Waluhya huiita tsisaga na Wakisii chinsaga, ilitoka ikiitwa Cleome gynandra. Apoth, yaani mrenda, ikawa Corchorus olitorius. Osuga, ambayo sokoni ni managu, ilitumbukizwa ndani ya Solanum nigrum, na tangu hapo wataalamu wa mimea hawajaacha kugombana, maana chini ya jina hilo moja kuna ndugu wengi wasiozaa matunda ya rangi moja. Linnaeus mwenyewe hakusumbuka. Alihesabu viungo vya uzazi ndani ya ua, akaupanga mmea kwenye ngeli yake kwa hesabu hiyo, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa Uppsala bila kuonja chochote.

Baadaye wakaja wa kwetu. John Kokwaro alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiluo mwaka 1972. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi kuwathibitishia Wakenya kwamba mboga walizokuwa wakizidharau kama chakula cha maskini zinaishinda kabichi waliyokuwa wakiionea fahari. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliingiza juhudi za Kenya za kufufua vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Kwa hiyo mboga ina wataalamu wa kutosha. Asiye na mtaalamu ni yule anayeichuma, na pengo hilo ndilo nakusudia kuliziba hapa.

Hoja yangu ni kwamba huwezi kuielewa bustani ya nyumbani ya Kisumu kwa kutazama kilichopandwa. Matuta yote yanafanana: sukuma mistari miwili, managu mstari mmoja, dek iliyojiotea pembeni, kunde chini ya mahindi, malenge yanayotambaa hadi kwa jirani. Tofauti ziko kwenye mikono inayoingia. Linnaeus alihesabu stameni. Mimi nimeamua kuhesabu vidole.

Mipaka na majira

Eneo la utafiti linaanzia Otonglo hadi Nyamasaria, na kutoka ufuo wa Dunga hadi miinuko ya Riat na Kajulu, ambako udongo ni mwekundu na watu wake wana majivuno ya wazi kuhusu jambo hilo. Kule chini kuelekea Kano udongo ni mweusi, mzito, unaoshika jembe wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono ukikauka. Tofauti hii ya udongo ni muhimu kwa mwanasayansi. Kwa mchumaji haina maana yoyote, yeye hufika kukiwa kumeshapandwa.

Majira ni Agosti. Vitabu vya bustani vya Ulaya huuita wakati huo mwisho wa kiangazi na humwambia msomaji avune haraka kabla siku hazijafupika. Hapa siku hazifupiki. Ikweta inapita Maseno, hatua chache kutoka mjini kwa matatu, na jua la Kisumu huzama karibu saa moja kasoro robo mwaka mzima, likizidi au kupungua kama robo saa. Kinachotuambia kwamba ni Agosti ni mambo mengine: chwiri, yaani msimu wa mvua ndefu, umetoa mahindi yake, opon, wa mvua fupi, haujakolea, mvua za alasiri zinazotoka upande wa ziwa zinakuja zinapotaka, na shule zimefungwa. Hili la mwisho ndilo litakalotushughulisha zaidi.

Ufunguo wa utambuzi

Kila uainishaji unaojiheshimu una ufunguo. Wangu una swali moja: mkono unaingia wapi kwenye mmea?

Wapo wanaochuma juu. Managu, dek, mchicha, mrenda na majani ya malenge huchumwa kwa kukata vilele, vile vichipukizi laini ambavyo ukucha wa kidole gumba unatosha kuvikata. Ukucha ukishindwa, kichipukizi kimeshakomaa na si mboga tena. Wapo wanaochuma chini. Sukuma wiki huvunjwa majani ya chini kwanza, kilele kikaachwa kiendelee kupanda, na ndiyo maana sukuma ya miaka miwili katika baadhi ya nyumba za Milimani imesimama wima yenye shina tupu na kishungi juu, mwenyewe akikataa katakata kuing'oa kwa sababu bado inatoa. Halafu wapo wanaochuma mzizi. Hawa hung'oa. Kung'oa kuna mahali pake halali, hasa pale mchicha au dek ilipomiminwa kwa wingi na inahitaji kupunguzwa, lakini kiserikali na kijamii mng'oaji huangaliwa kwa jicho la pembeni hadi atakapojieleza.

Sasa angalia jambo ambalo wataalamu wa mimea wamelipita bila kugeuka. Mboga ya kuchumwa juu haingojei mtu. Dek ikiachwa majuma machache tu hutoa maua. Ikishatoa maua, majani mapya huwa madogo na makavu, uchungu unazidi, na mmea unaanza kushughulikia mbegu zake. Lakini ukikikata kilele mapema, machipukizi ya pembeni hufumka, na penye kilele kimoja juma lililopita panakuwa na vinne. Managu hufanya vivyo hivyo, na mchicha pia. Sukuma ni tofauti. Jani la sukuma usipolivunja leo utalikuta kesho kutwa, gumu kidogo, lakini lipo. Sukuma yaweza kuwekwa akiba shambani. Dek haiwekwi akiba popote: ama imo kwenye sufuria ya mtu, ama inageuka mbegu.

Kutokana na tofauti hiyo ya kibayolojia nimejenga nadharia nzima ya ujirani, ambayo nitaieleza nikifika kwenye ngeli ya pili. Kwanza wenye mali.

Ngeli ya kwanza: wenye haki

Ungedhani hii ndiyo ngeli rahisi. Mwenye bustani anachuma bustani yake, basi. Lakini mtu akiuliza swali "bustani hii ni ya nani?" ataona jinsi wenyeji wanavyonyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Katika dala, yaani boma la Kiluo, mambo ya nafaka yana utaratibu unaojulikana. Golo kodhi, yaani kuzitoa mbegu kwa mara ya kwanza msimu ukianza, hufuata ukubwa: mwenye dala na mikayi, mke wa kwanza, ndio wanaotangulia, kisha nyachira, wa pili, kisha reru, wa tatu, kisha wana kwa kufuatana kuzaliwa. Mdogo hamtangulii mkubwa kupanda, hata mvua ikimwagika na jembe likiwa mkononi. Wazee wana maelezo marefu ya kwa nini, na siyadharau. Swali linalonisumbua kitaaluma ni kama utaratibu huo unahusu managu kando ya choo. Niliowauliza wamegawanyika. Kundi moja linasema mboga ni mboga, haina mikayi. Kundi la pili linasema hakuna kitu kinachoota ndani ya dala kikakosa mikayi. Kundi la tatu, lililokuwa la akina mama wakwe peke yao, lilisema swali lenyewe limeulizwa vibaya: la kuuliza ni kwa nini mke wa mwana anapika sukuma wakati osuga imejaa.

Mjini tatizo linahamia kwenye gunia. Kilimo cha gunia ni teknolojia ya kuheshimika. Unalijaza gunia udongo uliochanganywa samadi, huku katikati ukisimamisha kopo lisilo na chini na kulijaza kokoto. Unalivuta kopo juu kadiri udongo unavyopanda, mpaka unabaki na nguzo ya mawe ya kupitishia maji toka juu hadi chini. Kisha unatoboa matundu ubavuni na kupachika miche. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilipotangaza mpango wa bustani milioni 1 za jikoni, watu wa Nyalenda, Obunga na Manyatta walikuwa wanalijua gunia zamani. Kile ambacho mpango haukugusa ni gunia kukaa nje ya mlango, kwenye ploti yenye milango mingi, ambapo wapangaji wote wanalipita wakienda bombani. Gunia la ploti ndilo maabara safi kuliko zote nilizowahi kuziona. Hakuna mikayi wala uzio. Upande unaotazama mlango wa mwenyewe una majani. Upande unaotazama bomba una vijiti.

Ndani ya ngeli hii kuna spishi moja inayostahili kutajwa peke yake, nayo ni baba mstaafu. Huyu hupatikana zaidi Milimani, Tom Mboya na Mamboleo. Sukuma yake imepandwa kwa kamba, nafasi sawa kila upande, na kila mche umewekewa majivu dhidi ya vidukari. Humwagilia saa kumi na mbili asubuhi na jioni tena. Hachumi kamwe. Anajua idadi ya majani, na mkewe anajua kwamba anajua. Jioni mboga ikihitajika, mama humtuma msichana wa kazi kuchuma upande wa nyuma, na sukuma iliyobaki hununuliwa kwa mama mboga langoni ili tuta la mbele libaki na sura yake. Nimejaribu kumweka katika kundi la wachumaji, nikashindwa. Pengine ni mtunza maonyesho.

Ngeli ya pili: wakopaji

Hii ndiyo ngeli kubwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba uzito wa hoja yangu.

Mkopaji haji kuomba mboga. Huo ndio utambulisho wake wa kwanza. Huja kwa jambo jingine: kurudisha kibiriti, kuuliza kama mkutano wa chama ni Jumamosi au Jumapili, kutoa pole ya msiba wa watu wa mbali. Mazungumzo yaliyorekodiwa Kajulu yanatosha kama kielelezo:

"Mama Akinyi, mpo?"

"Tupo, nyar Seme, karibu."

"Sikai. Nilikuwa napita tu."

"Haya."

"Osuga yenu imekubali, jameni."

"Imekubali mpaka imekuwa usumbufu."

"Yangu kuku wameimaliza."

"Basi chuma kidogo, si utapita nayo tu."

Hapo hakuna aliyeomba na hakuna aliyetoa. Mmoja ametaja hali ya osuga, mwingine ametaja hali ya kuku, na mboga imehama.

Zamani ungeweza kumtambua mkopaji kwa kukosa chombo. Alikuja mikono mitupu, na ndani ya kiganja amekunja karatasi ya plastiki, ndogo kabisa, ambayo ilifunguka na kuwa mfuko mkubwa mara tu ruhusa ilipopatikana. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, waliopiga mahesabu walitaja mazingira, mifereji na ng'ombe. Hakuna aliyetaja pigo lililowapata wakopaji. Mfuko wa kitambaa haukunjiki ukaingia kiganjani. Kikapu kinajitangaza toka barabarani. Wakopaji wa mitaa yetu walilazimika kubuni upya, na leo dalili ya kutegemewa ni leso: mwanamke aliyejifunga leso mbili juu ya gauni, kukiwa na joto la saa nane, hajaja kurudisha kibiriti.

Wenye bustani wengi wanalalamika juu ya ngeli hii. Nawaomba wasome tena ufunguo. Nyumba ya watu wanne haiwezi kumaliza tuta la managu lililokolezwa samadi. Linatoa zaidi ya sufuria yao, tena linatoa kwa pamoja. Mwenye bustani akichuma kiasi cha chakula chake tu, vilele vingine vyote vitakomaa, vitatoa maua, na ndani ya mwezi tuta zima litakuwa limeacha kuzaa majani. Ili tuta liendelee kumlisha yeye mwenyewe, lazima lichumwe kuliko anavyoweza kula. Nani atachuma? Mkopaji, kwa ukucha wake, juu kabisa ya mmea, mahali hasa ambapo bwana shamba angeagiza pakatwe. Anapogoa bure. Napendekeza basi aorodheshwe miongoni mwa pembejeo, mstari mmoja na samadi na maji, na mwenye bustani asiye na wakopaji wa kutosha ahesabiwe kuwa ana upungufu shambani.

Nadharia hii ina upande wake wa pili. Sukuma haihitaji kupogolewa na mtu wa pili. Inakaa. Anayepanda sukuma tupu anaweza kuvuna bila jirani, jani moja moja, mwaka mzima, na asipatwe na hasara yoyote ya kibayolojia kwa kumnyima mtu. Nimeona kwamba nyumba zenye sukuma tupu ndizo zenye seng'enge, na nyumba zenye dek na apoth ndizo zenye ua wa miti wenye pengo. Sidai kwamba sukuma inazaa ubahili. Nimeiweka tu hapo, kama wafanyavyo wenzangu wa takwimu.

Ngeli ya tatu: wasafiri wa Agosti

Shule zikifungwa, Nairobi huteremka. Wizara ya Elimu na dek hazijawahi kuandikiana barua, lakini zimepatana ajabu: likizo inaanguka wakati mvua zimepungua, joto limeuharakisha mmea kwenda kwenye maua, na tuta linahitaji mikono mingi kwa mpigo mmoja. Mikono hiyo inashuka kwenye basi ikiwa na kucha zilizopakwa rangi.

Msafiri wa Agosti hupitia hatua mbili. Siku za kwanza hachumi, hupiga picha. Husimama katikati ya tuta, akakanyaga miche ya kunde, akasema Nairobi hawali mboga bali wanakula maji ya mtaro. Ni siku ya mwisho, saa chache kabla ya safari, ndipo tabia ya spishi inapojitokeza. Gari hufunguliwa nyuma. Managu huingia, dek huingia, kisha mitoo, maboga mawili, mkungu wa ndizi, na gorogoro ya maharagwe iliyofungwa kwenye kitambaa. Dek huchumwa alfajiri ikiwa na umande, hunyunyiziwa maji na kufungwa kwa majani ya mgomba, kwa sababu safari ya kupitia Kericho na Nakuru ni ndefu na mboga iliyochumwa kwenye jua la saa sita huwa imelala kabla ya Ahero. Mwenye uzoefu hubeba osuga iliyokwisha chemshwa na kutiwa maziwa, maana anajua kwamba mboga hii huzidi kukolea ikilala chunguni na kupashwa moto tena.

Kwa kipimo cha ujazo, msafiri mmoja ni sawa na wakopaji wa robo mwaka. Lakini akiondoka tuta linapumua, linafumka upya, na mvua za opon zikianza linakuwa limerudi. Hili wenye bustani wanalijua vizuri. Ndiyo maana malalamiko yao dhidi ya watu wa Nairobi huishia mlangoni pa gari, pamoja na agizo la kurudisha kikapu.

Ngeli ya nne: waliotumwa

Fupi, kwa sababu data ni za kusikitisha. Mtoto aliyetumwa kuchuma hung'oa. Haijalishi alielekezwa nini. Mtoto wa hapa hung'oa mche na kurudi nao mzizi ukiwa na udongo, akiulizwa anasema ulitoka wenyewe. Mtoto wa Nairobi ana tatizo jingine: hajui kipi ni mboga. Jani la dek lina vipande vitano vilivyopangika mithili ya vidole, na kijana aliyelelewa mjini, mwenye elimu ya mambo ya mtaani, akiliona kwa mara ya kwanza nyuma ya nyumba ya nyanya yake, hushtuka, hutazama huku na huku, kisha huuliza kwa sauti ya chini kama polisi wa hapa wanajua.

Ngeli ya tano: wasio binadamu

Kuku na mbuzi nawapita. Kila mtu anawajua na hakuna jipya la kusema, isipokuwa kwamba kuku hufuata tuta lililomwagiliwa, na mbuzi hufuata tuta lililozungushiwa uzio.

Tumbili wa maeneo ya karibu na hifadhi ya swala ya Kisumu ni wachumaji wa kisayansi. Huchagua nyanya, huuma mara moja, huitupa, huchukua nyingine. Sijapata ushahidi kwamba wanakula managu kwa hiari.

Kiboko ni jambo zito zaidi. Hutoka majini usiku na hula takriban kilo 40 za nyasi kabla hakujapambazuka. Kimsingi yeye ni mtu wa nyasi, na wakazi wa Dunga watakuambia hivyo hivyo, kwamba hakuja kwa ajili ya mboga. Alikuwa anapita tu. Lakini yeye hupita kwa miguu minne yenye uzito wa zaidi ya tani moja, na mahali alipopita napo ndipo palipokuwa na sukuma. Kwa maneno yake ya utetezi ningemweka katika ngeli ya pili. Kwa matokeo ya shambani, anabaki hapa.

Kuna mmoja ambaye nilisita kumwingiza. Mvua nyingi za mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 zililijaza Ziwa Viktoria mpaka Mei 2020 likavunja rekodi ya kimo iliyowekwa mwaka 1964. Kwenye ufuo wa Ghuba ya Winam, matuta yaliyokuwa yakimwagiliwa kwa ndoo kutoka ziwani yalifunikwa na ziwa lenyewe, na watu wakahama na mabati yao. Gugumaji likaelea palipokuwa na mchicha. Kwa ufunguo wangu, ziwa huchuma mzizi. Halikubisha hodi, halikutaja kuku, na lilipoondoka liliacha tope zuri jeusi ambalo baadhi ya wenye mashamba wamelipanda tena bila kungoja maoni ya mtu. Wale ambao nyumba zao zilikwenda wana mengi ya kusema ambayo hayaingii katika uainishaji wa mboga, na sitajifanya kuyaingiza.

Ngeli ya sita: wachuuzi, pamoja na tatizo la mwizi

Mchuuzi hufika alfajiri kabla ya matatu za kwanza, hununua kwa tuta, hung'oa kwa sababu dek yenye mizizi hukaa siku nzima bila kunyauka ikirashiwa maji, na hupeleka Kibuye. Pale hukutana na mzigo uliotoka Vihiga na Kisii usiku, ambao ndio hasa unaoamua bei ya fungu. Yeye ndiye mchumaji pekee anayelipa. Ndiye pia pekee anayesimamiwa na mwenye bustani akichuma, toka mwanzo hadi mwisho. Jirani anayechukua bure huachwa peke yake na tuta. Anayetoa pesa mkononi hufuatwa hatua kwa hatua. Nimelieleza hili kwa wachuuzi wawili watatu wakacheka kwa namna iliyoonyesha kwamba hawakuwa wakisubiri utafiti wangu.

Mwizi amenipa shida kubwa zaidi. Asubuhi unakuta vilele vimekatwa kwa ukucha, juu, vizuri, mche haukuguswa, nao unaendelea kufumka. Kwa vipimo vyote vya kimaumbile huyo ni mkopaji. Kilichokosekana ni salamu. Alama pekee ya kuaminika niliyoipata ni mzizi: aliyekuja usiku akang'oa anakwenda sokoni, na ni mwizi, aliyekuja usiku akakata vilele anakwenda kupika, na mwenye bustani, akishatukana kidogo kwa sauti ya kusikika ploti ya pili, huwa anajua ni nani na kwa nini hakubisha hodi juma hilo.

Asiyechuma

Amebaki mmoja, na ndiye aliyenizuia kuufunga mpango huu wa ngeli mwezi mzima. Katika kila bustani kubwa kuna mashina matatu manne yaliyofungwa kitambaa, mara nyingi kipande cha leso kuukuu. Hayo hayachumwi. Mkopaji anayapita, mtoto anayapita, msafiri wa Agosti anakatazwa hata kuyapiga picha kwa karibu. Yameachwa yafanye kile ambacho ngeli zote nyingine zinayazuia kufanya, yaani yakomae, na anayeyalinda ni dani, nyanya wa nyumba hiyo, ambaye pengine hajachuma jani miaka mingi kwa sababu ya magoti.

Ujuzi wake ni mwingi na hauko kwenye kamusi. Maganda ya dek huyakata yakianza kuwa manjano, asubuhi na mapema yangali na umande, kwa sababu jua likiyapiga yanapasuka na mbegu kumwagika chini. Matunda ya osuga huyaacha yaive, akayaponda kwenye maji, akayalaza, akaziosha mbegu na kuzianika kivulini. Mbegu mbichi ya dek haipandi mara moja, anajua kwamba ikipandwa ingali mpya hukaa kimya ardhini. Inataka ilale miezi kadhaa kwanza. Ya apoth ni ngumu, hufungwa kitambaani na kuchovywa kwenye maji yanayochemka kwa kufumba na kufumbua, kisha hupoozwa. Huhifadhi kwenye chupa ya soda pamoja na majivu. Hutoa kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kwa mtu mmoja, na hamnyimi hata yule wa usiku.

Kwa hiyo bustani zote nilizoziainisha, pamoja na wachumaji wake wote, zimetoka kwa mtu ambaye mpango wangu hauna pa kumweka. Nilimwendea mmoja wao Riat nikiwa na daftari, nikamweleza kuhusu Linnaeus, ufunguo, na umuhimu wa yeye kuwa na ngeli. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanikabidhi ungo uliojaa maganda ya dek, akaniambia nisimame pale upepo wa ziwa unapopita na nipepete polepole, na kwamba kama kuna mbegu itakayoanguka nje ya gunia ataihesabu.